Barua zenu: Mnyama aliyekufa baada ya upasuaji

Barua tano tulizozichagua mwezi huu zinatoka kwa watu waliompeleka mnyama kwa daktari wakitarajia kurudi naye mzima. Majina ya watu na ya zahanati tumeyaacha. Tumejibu kwa urefu pale ambapo jibu linaweza kumwokoa mnyama wa mtu mwingine.

"Walisema moyo ulishindwa. Mbona tumbo lilivimba?"

*Habari za kazi. Mbwa wetu jike, miaka mitatu, kilo ishirini, alifungwa kizazi saa nne asubuhi. Saa nane mchana tuliitwa tukamchukue, akatembea kwa kuyumba hadi kwenye gari. Jioni alilala tu, nikadhani ni dawa. Ilipofika saa moja usiku ufizi ulikuwa mweupe, miguu ya baridi, tumbo limejaa, anahema haraka haraka. Saa tatu akafa. Zahanati wanasema moyo ulishindwa kuhimili nusukaputi. Tulimzika kesho yake asubuhi. Tangu hapo silali. Je, ningemrudisha saa moja ile angepona? Na ni kweli ilikuwa nusukaputi? (Mama wa watoto wawili, Mbezi, Dar es Salaam)*

Pole sana, mama. Tuanze na swali lako la pili, maana ndilo linaloamua la kwanza.

Dalili ulizoziandika hazielekezi kwenye nusukaputi. Mnyama anayeuawa na nusukaputi mara nyingi hufia mezani, au katika saa chache za kuzinduka, pumzi ikipungua au moyo ukipoteza mpangilio wake. Mbwa aliyetembea hadi kwenye gari, kisha kwa muda wa saa tano akazidi kuwa mweupe, akapoa miguu, akahema haraka na kujaa tumbo, alikuwa akivuja damu ndani.

Hutokea hivi. Kila ovari, yaani kile kiungo cha mayai kinachoondolewa katika upasuaji huu, hulishwa na mshipa unaotoka karibu kabisa na mshipa mkuu wa damu wa mgongoni. Daktari huufunga kwa uzi kisha hukata mbele ya fundo. Mbwa akiwa mnene, mafuta huuzunguka mshipa na uzi huyabana mafuta badala ya mshipa wenyewe. Wakati wa nusukaputi shinikizo la damu huwa chini, kwa hiyo fundo lililolegea halionyeshi kitu na tumbo hufungwa likiwa kavu. Mnyama anapozinduka shinikizo hupanda, na hapo ndipo mshipa huanza kuvuja. Mbwa ana damu ya mililita 80 hadi 90 kwa kila kilo ya uzito, yaani mbwa wenu alikuwa na kama lita 1.7. Akipoteza theluthi yake hadi asilimia 40, maisha yake yako hatarini. Paka wa kilo 3 hafikishi hata mililita 200 kwa jumla, ndiyo maana kwake kila tone lina uzito.

Iko njia ya pili ya kuvuja damu ambayo kwetu Afrika Mashariki haifai kusahauliwa. Kupe wa kahawia wa mbwa hubeba bakteria aitwaye Ehrlichia canis. Mbwa anaweza kukaa naye miezi, hata miaka, akila vizuri na kubweka kama kawaida, huku chembe sahani zake, zile zinazoziba mshipa uliokatwa, zikipungua. Mbwa mzima huwa na chembe sahani 200,000 hadi 500,000 katika kila mikrolita ya damu. Zikishuka chini ya 50,000, upasuaji wowote ni hatari, hata fundo likiwa zuri kiasi gani. Kipimo chake hakihitaji mashine ya bei kubwa: tone la damu kwenye kioo, rangi, na darubini yenye lenzi ya mafuta. Kila chembe sahani moja inayoonekana katika uwanja mmoja wa lenzi hiyo huhesabiwa kuwa takriban 15,000. Ukikuta wastani wa tatu, tayari uko kwenye 45,000, na mbwa huyo hapasuliwi leo. Kwa mbwa aliyewahi kuwa na kupe, tunaamini kipimo hiki kifanywe kabla ya kila upasuaji usio wa dharura. Vilevile jike aliye kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, asipasuliwe, kwa kuwa mishipa ya kizazi chake imetanuka. Asubiri miezi miwili au mitatu.

Sasa swali linalokunyima usingizi. Ndiyo, mbwa anayevuja damu akifunguliwa tena mapema, mshipa ukatafutwa na kufungwa, akapewa maji ya mishipani na ikiwezekana damu ya mbwa mwingine, wako wanaopona. Hatutakuficha hilo, kwa sababu ungelisoma mahali pengine na ungetuona waongo. Lakini angalia ulichokuwa unakijua saa ile. Uliambiwa atalala kwa sababu ya dawa, naye alilala. Kukutajia dalili za hatari kulikuwa kazi ya aliyemruhusu kwenda nyumbani: ukiubonyeza ufizi ukauachia, rangi irudi kabla ya sekunde 2, na uangalie hivyo kila nusu saa jioni ya kwanza, ufizi ukiwa mweupe, tumbo likijaa, au akishindwa kuinua kichwa anapoitwa, rudi mara moja, na hii ndiyo namba ya simu ya usiku. Kama hukupewa maelekezo hayo, huwezi kujihukumu kwa kutoyafuata.

Tena, aliruhusiwa mapema. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008, ulioangalia mbwa 98,036 na paka 79,178, ulikuta kwamba vifo vinavyohusiana na nusukaputi ni 17 katika kila mbwa 10,000 na 24 katika kila paka 10,000. Karibu nusu ya vifo vya mbwa, na zaidi ya asilimia 60 vya paka, vilitokea baada ya upasuaji kwisha, vingi ndani ya saa 3 za kwanza. Mnyama anayeyumba hajafika wakati wa kwenda nyumbani.

Kwa kuwa mmeshamzika, kumfukua hakutakusaidia: kwa joto la Dar es Salaam mwili huharibika ndani ya siku moja au mbili kiasi kwamba mtaalamu haoni tena la maana. Kilichobaki ni maandishi. Omba nakala ya karatasi ya nusukaputi. Iwe na uzito wake siku ile, kila dawa na kipimo chake na saa iliyochomwa, na mapigo ya moyo na pumzi zilizoandikwa kila dakika 5. Uliza pia kama alipimwa damu kabla, na alitolewa mezani saa ngapi. Zahanati isiyo na karatasi hiyo imekwishajibu sehemu ya swali lako.

Kwa wasomaji wengine ambao hawajafika hapo: mnyama akifa na hamjui kwa nini, msikimbilie jembe. Lowesha manyoya yake kwa maji baridi ili joto la mwili litoke haraka, mfunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, mweke kwenye friji au kwenye sanduku lenye barafu nyingi. Usimgandishe, kwa sababu barafu hupasua chembe za nyama na maabara haiwezi kuzisoma tena. Nyuzi, mirija na bandeji ziachwe zilivyo. Apelekwe ndani ya saa 24, kwa mtaalamu asiyehusika na zahanati iliyompasua. Tanzania kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania; Kenya kuna kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilichoko Kabete. Piga simu kabla ya kwenda. Na mjue mapema kwamba kama kweli ni nusukaputi iliyomuua, mara nyingi mwili hauonyeshi chochote. Ni ile karatasi ya dakika 5 itakayozungumza.

Jambo moja la usalama wa watu: ikiwa mnyama aliyekufa alimng'ata mtu katika siku 10 kabla ya kufa, msimfungue wenyewe. Kidonda cha aliyeng'atwa kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo, na afisa mifugo aarifiwe ili kichwa kipimwe kichaa cha mbwa.

"Nilimpa samaki asubuhi"

*Shikamoo. Paka wangu alikuwa anakwenda kuhasiwa. Nilimhurumia nikampa samaki saa moja, sindano ilikuwa saa tatu. Alitapika akiwa ameshalegea, akabadilika rangi, akafa palepale. Sikumwambia daktari kwamba alikula, hakuniuliza. Nimemuua mimi? (Msomaji wa miaka 22, Tanga)*

Marahaba, na pole sana. Chakula kilichangia. Tunakuambia hivyo kwa sababu unalijua tayari, na tukilikataa hutaamini mengine.

Katika zahanati zetu dawa zinazotumika sana ni zailazini na ketamini kwa pamoja. Zailazini humtapisha paka, hata aliye mzima kabisa. Dakika chache baadaye koo hulegea, na paka hawezi tena kukohoa kitu kinachoingia njia ya hewa. Tumbo likiwa na samaki, matapishi huenda mapafuni. Kwa hiyo kabla ya sindano yapo mambo mawili ambayo ni kazi ya daktari: kuuliza "amekula saa ngapi?", na akisikia saa mbili zilizopita, kuahirisha. Na baada ya sindano ipo kazi ya kupitisha mrija kwenye koo wenye kipira cha kuziba, ili hata akitapika mapafu yalindwe. Swali hilo halikuulizwa. Wewe ulifanya unachofanya kila asubuhi kwa mnyama anayekutegemea, na hakuna aliyekuambia kwamba siku hiyo ilikuwa tofauti.

Maelekezo ambayo ungepaswa kupewa ni haya. Paka au mbwa mzima mwenye afya asile kwa saa 4 hadi 6 kabla. Madaktari wengi bado husema tangu usiku, na ukiambiwa hivyo fuata. Maji aachiwe hadi wakati wa kuondoka. Watoto walio chini ya wiki 8 au chini ya kilo 2 wasinyimwe chakula zaidi ya saa 1 au 2, maana sukari yao hushuka upesi na hilo nalo huua. Kama amekula kwa bahati mbaya, sema. Daktari anayekasirika kwa kuambiwa si wa kumwachia paka.

Ukitaka kufanya jambo moja la kupunguza mzigo huu, mwandikie daktari yule barua fupi isiyo na matusi, umweleze kilichotokea na umwombe aanze kuuliza swali hilo. Tumeshauri wengi hivyo. Wengine hujibiwa, wengine la, lakini lawama inayozunguka kichwani inapata mahali pa kwenda.

"Tulimwambia mtoto kwamba paka amelala"

*Mwanangu ana miaka sita. Paka alipokufa kwa nusukaputi tulimwambia "walimlaza, akalala moja kwa moja." Sasa mtoto hataki kulala peke yake na anapiga kelele akiona sindano. Tufanyeje? (Baba, Zanzibar)*

Rudini mkamwambie ukweli, leo, kabla ya saa ya kulala. Mtoto wa miaka mitano hadi saba ndiyo kwanza anaanza kuelewa kwamba aliyekufa harudi. Akisikia kwamba kulala ndiko kulikomuua paka, hitimisho lake la kuogopa kitanda ni la akili kabisa.

Tumieni neno lenyewe. Kwa mfano: "Tulikosea kukuambia amelala. Paka amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hahemi, hasikii njaa wala maumivu, na hatarudi. Daktari alimpa dawa kali ya kumfanya asisikie kisu. Dawa ile ilimdhuru. Hiyo siyo sindano unayochomwa wewe hospitali, na siyo usingizi wa usiku. Ukilala, unaamka." Kisha nyamazeni, asubiriwe aulize. Atauliza maswali magumu, kama vile yuko wapi sasa na analiwa na nini. Jibuni kwa imani yenu na kwa maneno machache. Atayarudia kesho na keshokutwa. Kurudia ndiyo njia yake ya kulizoea jambo.

Msimwambie "alikuwa paka tu", wala kumletea paka mwingine kesho yake kama vile wa kwanza amebadilishwa. Akitaka kuchora, achore. Kama mwili bado upo na anataka kuona unavyozikwa, aruhusiwe, bila kulazimishwa. Shimo liwe na kina cha mita moja ili mbwa wasifukue, na liwe mbali na kisima. Mwalimu wake aambiwe. Hofu ya usiku ikiendelea zaidi ya mwezi, au akianza tena kukojoa kitandani, mpelekeni kwa mtaalamu wa afya ya watoto.

Na wewe baba, umeandika juu ya mtoto peke yake. Mkubwa naye hulia. Mtu anayekosa usingizi au hamu ya kula kwa majuma mfululizo kwa ajili ya mnyama anastahili msaada uleule anaopewa mwenye huzuni nyingine yoyote.

"Nataka haki, lakini simu hapokei"

*Mbwa wangu alipasuliwa hapa nyumbani na mtu aliyejiita daktari. Siku ya tatu mshono ulifunguka, matumbo yakatoka, akafa njiani kwenda kliniki. Nilimlipa kwa M-Pesa. Simu zangu hapokei. Vijana wangu wanasema tuweke picha yake Facebook. (Mzee, Nakuru)*

Pole, mzee wetu. Picha hiyo msiiweke. Kesi ya kashfa inaweza kumgeuza yeye kuwa mlalamikaji na wewe mshtakiwa, na ushahidi wako ni mzuri mno kuupotezea huko.

Kwanza hakikisha yeye ni nani. Kenya ina sheria ya mwaka 2011 inayosimamia madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, na Kenya Veterinary Board ndiyo inayotunza orodha. Uliza kama jina lake limo, na limo kama nani: daktari au msaidizi. Kama hamo kabisa, anafanya kosa la jinai na unaweza kwenda polisi. Wasomaji wa Tanzania, chombo chenu ni Baraza la Veterinari, chini ya Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003.

Malalamiko yaandikwe kwenye ukurasa mmoja au miwili, kwa mpangilio wa saa na tarehe: nini kilifanywa, nini ulikiona, ulipiga simu lini. Ambatisha ujumbe wa M-Pesa, picha za kidonda, maandishi ya kliniki iliyompokea na taarifa ya uchunguzi wa mwili kama ipo. Maneno kama "muuaji" yaache nje. Bodi inaweza kumwonya, kumsimamisha au kumfuta kwenye orodha. Kukulipa fidia si kazi yake. Fidia hudaiwa mahakamani, na Kenya mko na Mahakama ya Madai Madogo kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1, ambako unaweza kujisemea bila wakili. Sheria humhesabu mbwa kuwa mali, kwa hiyo usishangae kiasi kikiwa kidogo kuliko uchungu wako. Kama mtu huyo atakuja na pesa na karatasi ya kutia sahihi, isome yote kwanza. Na fomu ya ridhaa uliyotia sahihi kabla ya upasuaji, kama ilikuwepo, ni ya kukubali hatari za kawaida; uzembe haumo ndani yake.

Mshono wa tumbo hushikiliwa na utando mweupe mgumu ulio katikati ya misuli ya tumbo. Anayeshona ngozi na nyama laini akauruka utando huo ameacha tumbo wazi, na siku ya tatu hadi ya tano ndipo hufunguka. Ikimpata mtu mwingine: kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, lowesha kitambaa safi, funika matumbo, zungushia shuka, mzuie asilambe, kimbia kliniki. Usijaribu kuyarudisha ndani. Wengi wanaowahi hushonwa tena wakapona.

"Aliyebaki hali chakula"

*Tulikuwa na mbwa wawili. Mmoja alikufa kwa kuvuja damu baada ya kung'olewa jino, na uchunguzi ulionyesha ugonjwa wa kupe. Mwenzake ana siku nne hagusi chakula. Ni huzuni? Na tukitaka kuchukua mtoto wa mbwa tusubiri muda gani? (Dada wawili, Arusha)*

Huzuni ipo kwa wanyama, na mbwa anaweza kupunguza kula kwa siku moja au mbili mwenzake asipoonekana. Siku nne ni nyingi. Huyu alilala sehemu moja na marehemu, akaumwa na kupe walewale. Mpelekeni leo apimwe joto, damu na chembe sahani. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 37.5 na 39.2. Ikiwa ni Ehrlichia, dawa yake ni doksisaiklini, kwa kawaida miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku, ikitolewa pamoja na chakula kwa siku 28. Wengi huacha siku ya saba kwa sababu mbwa ameanza kula, na ugonjwa hubaki umejificha hadi siku ya kisu. (Kwa mwenye paka: paka asiyekula hata kwa siku mbili yuko hatarini kwa sababu mafuta hujaa kwenye ini lake. Usingoje.)

Kuhusu mtoto wa mbwa, msihesabu miezi ya huzuni, hesabuni kupe. Kupe wa kahawia hakai kwenye nyasi tu. Hupanda kuta na kujificha kwenye nyufa za banda, nyuma ya fremu za milango na chini ya dari, na aliyekomaa huweza kuishi zaidi ya mwaka bila kunyonya damu. Zibeni nyufa kwa saruji, chomeni matandiko ya zamani, pulizieni banda na kuta dawa ya kupe kwa kipimo cha kwenye kibandiko, mrudie baada ya wiki mbili na tena baada ya nyingine mbili, kwa sababu mayai hayafi kwa dawa. Siku za kupuliza, aliyebaki ahamishwe mpaka kuta zikauke. Endeleeni na dawa ya kupe ya kila mwezi kwenye mwili wake, mkimkagua masikioni, kati ya vidole na chini ya kola. Mkikaa miezi mitatu bila kumkuta na kupe hata mmoja, mleteni mtoto.